Sabufa

Malindi, Mji Mkongwe, ukimwambia fundi "sabufa yangu imekufa", hakuulizi spika ipi. Anajua ni seti nzima: spika kubwa, zile ndogo, amplifaya, mpaka rimoti. Kwa Kiingereza ni spika ya besi peke yake, ya mitetemo kama 20 hadi 120 kwa sekunde. Sisi tumechukua jina la sehemu tukakipa kitu kizima, wala sioni kosa.

Amplifaya nayo ni kikuza sauti. (Kipaza sauti ni maiki, na mara nyingine spika, hapo tumejichanganya wenyewe.) Kukuza ndiyo kazi hasa. Chipu ya opampu, ile ya volti kubwa, hupandisha volti, lakini mkondo wake kwa kawaida ni wa miliampea tu, hausukumi koni ya spika. Transista za nguvu, zilizobanwa kwenye bati la kupoza, ndizo zinazobeba ampea. Wimbi la sine lenye kilele cha volti 40 kwenye omu 8 hutoa wati 100.

Besi ipo pia bila sabufa. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya mwaka 1905 ambayo wengi huiita Malindi, ina dabalbesi, ile fidla kubwa ya besi. Uzi wake mnene kabisa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, bila soketi.