Zamu ndefu bila mapumziko: chakula na maji ya kukufikisha jioni

Msikilizaji wetu, makala hii inamhusu yule anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na panga au kikapu, akarudi jua limeshazama. Inamhusu mkata miwa wa Kilombero na Mtibwa, mchuma chai wa Mufindi na Kericho, kibarua wa kuvuna mpunga, mlinzi wa usiku, utingo wa lori, na muuguzi wa zahanati aliyebaki peke yake zamu nzima.

Wote hawa wanafanana kwa jambo moja: kazi haiwapi nafasi ya kukaa chini na kula. Wengine wamenyimwa nafasi hiyo na mwajiri. Lakini wengi wamejinyima wenyewe kwa sababu wanalipwa kwa kipimo. Mchuma chai analipwa kwa kilo, na mkata miwa kwa kiasi alichokata. Mtu wa namna hii akiona wenzake wanaendelea, hawezi kutua mzigo aende kutafuta maji.

Hapa tunaeleza jinsi ya kuupa mwili chakula na maji bila kupoteza siku ya kazi. Vyakula tutakavyovitaja vinapatikana shambani na sokoni kwetu. Mwishoni tutaeleza pia sheria inasemaje, kwa sababu dawa ya kwanza ya kazi isiyo na mapumziko ni mapumziko yenyewe.

Kwa nini nguvu huisha kabla ya mchana

Mwili hutumia sukari iliyomo kwenye damu kama gari linavyotumia mafuta. Sukari hiyo inatokana na chakula, hasa ugali, wali, viazi, mihogo na ndizi. Inayozidi huwekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli. Usiku ukiwa umelala, ubongo unaendelea kula akiba ya ini, na kufikia alfajiri akiba hiyo imepungua sana.

Kwa hiyo anayetoka nyumbani na chai ya rangi peke yake anaanza kazi na ghala lililokwisha kutumika usiku kucha. Ikifika saa nne au saa tano mikono inaanza kutetemeka, hasira zinakuwa karibu na macho hayatulii. Kwa mwenye panga mkononi, au aliyeshika usukani, huo ndio wakati wa ajali.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chakula cha alfajiri ndicho muhimu kuliko vyote kwa mtu ambaye hajui atakula tena saa ngapi. Kiwe na vitu viwili: cha kutia nguvu na cha kuifanya nguvu hiyo idumu. Viazi vitamu, mihogo, magimbi, ugali au uji hutia nguvu. Maharage, kunde, karanga, mayai, dagaa au maziwa huchelewa kusagika tumboni, hivyo njaa haiji haraka.

Uji wa ulezi uliochanganywa na karanga zilizosagwa unatosha kabisa kuwa mlo wa alfajiri. Vivyo hivyo viazi vitamu viwili na yai la kuchemsha, au makande yaliyopashwa moto hadi yakachemka. Ukiwa na uchaguzi, ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa sababu dona bado lina kiini na pumba, ndiko kwenye vitamini na madini mengi ya mahindi.

Maandazi mawili na chai yenye sukari nyingi hupandisha nguvu upesi na kuishusha upesi. Kama ndicho kilichopo, kula, lakini ongeza karanga kiganja kimoja.

Maji: kikombe kila dakika 20

Kwenye kazi nzito ya juani, wataalamu wa afya kazini wanashauri kunywa kikombe kimoja, yaani robo lita, kila dakika 15 hadi 20. Usisubiri kiu. Kiu huja wakati mwili umeshapungukiwa.

Tufanye hesabu kwa anayeogopa kupoteza kilo zake. Kikombe kila dakika 20 ni vikombe 3 kwa saa. Kwa saa 8 ni vikombe 24, yaani lita 6. Ikiwa kunywa kikombe kimoja kunachukua nusu dakika, siku nzima umetumia dakika 12. Anayepata kizunguzungu saa saba mchana hupoteza muda mrefu kuliko huo akiwa amelala chini ya mti.

Hesabu hii inakubali pale tu maji yakiwa karibu. Kama pipa liko mwisho wa shamba, hutakwenda mara 24. Beba chupa kiunoni au mgongoni, na weka dumu la lita 5 kivulini, mahali unapoelekea na safu yako. Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Usinywe zaidi ya lita moja na nusu ndani ya saa moja, kwani maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.

Njia rahisi ya kujipima ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano iliyofifia, uko salama. Ukiwa umekolea kama chai, umechelewa kunywa.

Kuhusu chumvi, anayekula milo yake ya kawaida huipata ya kutosha. Aliyetoka jasho jingi kwa saa nyingi bila kula anaweza kutumia mchanganyiko tunaoufahamu wa kutibu kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya kurundika. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amuulize kwanza mhudumu wa afya.

Tunasisitiza maji kwa sababu kuna jambo limetokea mbali nasi ambalo ni somo kwetu. Katika nchi za Nicaragua na El Salvador, maelfu ya wakata miwa, wengi wao wakiwa bado vijana, wamekufa kwa ugonjwa wa figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Kazi nzito kwenye joto kali na kupungukiwa maji mara kwa mara ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mbele kabisa. Baadhi ya mashamba huko sasa yanaendesha kazi kwa utaratibu wa maji, kivuli na mapumziko.

Hapo hapo tuonye jambo lingine. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo vibarua wengi humeza kwa maumivu ya mgongo, huzielemea figo zaidi mwili unapokuwa hauna maji. Usizifanye kuwa kitafunwa cha kila siku.

Chakula cha mfukoni

Asiye na mapumziko hahitaji sahani, anahitaji chakula kinacholiwa kwa mkono mmoja, kwa kiasi kidogo, kila baada ya saa mbili hivi. Vifuatavyo vinafaa:

- Karanga au korosho zilizokaangwa.
- Ndizi mbivu, ambazo huja na ganda lake na hazihitaji kuoshwa.
- Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha au ya kuchoma.
- Mayai ya kuchemsha, yakiwa bado ndani ya maganda.
- Dagaa wakavu waliokaangwa.
- Tende au kashata, kwa wakati nguvu zinapokata ghafla.
- Senene waliokaangwa, kwa wasikilizaji wetu wa Kagera, msimu wake ukifika.

Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupe. Zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia nafaka. Kukaanga hakuiondoi.

Osha mikono kabla ya kula. Anayenyunyizia dawa shambani asiweke chakula mfukoni kabisa. Akiweke mbali na dawa, na asikiguse kabla ya kunawa kwa sabuni.

Kiporo na chakula kilichoshinda juani

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na ndivyo watu wanavyougua kwenye mashamba. Wali na maharage yaliyofungwa alfajiri kwenye kontena la plastiki yakaliwa saa nane mchana yameshakaa kwenye joto saa tisa. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili bila kuwa cha moto sana au cha baridi sana. Wali hasa huwa na vijidudu vinavyotoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto.

Ukitaka kubeba wali, uweke ungali wa moto kabisa kwenye hotipoti inayofunga vizuri na uule mapema. Kama huna hotipoti, beba viazi, mihogo na mayai, na wali uuache uwe wa jioni.

Soda, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi

Kopo la kawaida la kinywaji cha kuongeza nguvu, lenye mililita 250, huwa na takriban miligramu 80 za kafeini na sukari ya vijiko vya chai 6 hadi 7. Kafeini haiongezi nguvu, inauficha uchovu tu. Moja linaweza kukuchangamsha, lakini matatu kwa siku juani, bila chakula, hufanya moyo uende mbio na usiku usingizi usipatikane. Kesho yake unaanza umechoka zaidi, unanunua mengine.

Mirungi nayo huondoa usingizi na huondoa hamu ya kula, hivyo mtu hufanya kazi akiwa na njaa asiyoisikia. Tanzania ni dawa ya kulevya iliyokatazwa kisheria.

Chai na kahawa hazikatazwi. Ila zitenge na chakula kwa saa moja hivi, kwa sababu huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Chungwa, pera au juisi ya ubuyu hufanya kinyume chake, yaani huusaidia mwili kuyachukua madini hayo.

Kwa wanaokesha

Mlinzi au muuguzi wa usiku ale mlo wake mkubwa kabla ya kuingia zamu. Kati ya saa sita usiku na alfajiri tumbo halisagi vizuri, kwa hiyo vitu vidogo vinatosha: ndizi, uji, karanga. Kahawa iwe ya nusu ya kwanza ya zamu, maana nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Ukifika nyumbani kula kidogo, kisha lala mahali penye giza.

Anayefunga Ramadhani na kazi yake ni nzito asiache daku. Ale daku akichelewa, awe na maharage au mayai, na maji ayagawe kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo.

Mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke mlo kwa sababu ya kazi. Akitokwa na jasho la baridi na kutetemeka, apewe sukari mara moja, na wenzake wajue hali yake kabla halijamtokea.

Dalili za kuacha kazi papo hapo

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kubana ni dalili za joto kuushinda mwili. Mpeleke mtu kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akianguka, au mwili ukiwa wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri nyapara arudi. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi muda huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya, na muda huo lazima ulipwe. Kwa jumla, pamoja na saa za ziada, siku ya kazi haitakiwi kuzidi saa 12. Mama anayenyonyesha ana haki ya kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Kudai haki hii peke yako ni kugumu, tunalijua hilo. Anzeni kama kikundi, kwa ombi dogo lisilomgharimu mwajiri sana: pipa la maji lisogezwe karibu na wafanyakazi, na kuwe na kivuli. Mkishindwa kuelewana, afisa kazi wa mkoa na chama cha wafanyakazi wapo kwa ajili hiyo.

Hadi hapo mambo yatakapobadilika, kesho alfajiri kula kabla ya kutoka, jaza chupa, na tia karanga mfukoni.