Uchunguzi wa Dawa za Ukimwi na Lugha Yake: Kutoka Muhimbili hadi Njombe

Mji wa Makambako umekaa mahali njia zinapokutana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, ile ya Njombe na Songea huanzia hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni yake hapo. Njombe yenyewe iko kusini, mwendo wa kilomita kama 60, katika nchi ya baridi ya Wabena, yenye mashamba ya chai na miwati. Watu wa vibarua, wachukuzi wa mbao na madereva wamepita njia hizo miaka mingi, na maradhi ya Ukimwi yaliwafuata. Hesabu ya taifa ya mwaka 2011-12 ilionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, hali kwa nchi nzima walikuwa 5.1.

Lakini wachunguzi wa dawa za maradhi hayo hawakufundishwa Njombe. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mwaka 1986 Muhimbili ikafungamana na vyuo vya Sweden, wakiongoza Profesa Fred Mhalu upande wa Dar es Salaam na Profesa Gunnel Biberfeld upande wa Stockholm. Mafunzo yalikuwa ya zamu: mwanafunzi wa shahada ya udaktari hukaa Sweden miezi kadhaa, hurudi nyumbani kukusanya habari zake, kisha huenda tena kuandika. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwani aliyefundishwa hakung'olewa kwao. Katika miaka ya 1990 Mbeya nayo ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, na Moshi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani.

Matunda yalionekana. Kuanzia mwaka 1996 Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji iliyoshiriki jaribio la Petra, lililopima dawa za kumkinga mtoto asiambukizwe na mama yake. Baadaye ukaja uchunguzi wa Mitra, ambamo watoto wachanga walipewa dawa muda wote wa kunyonya. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa bila malipo, na kidogo kidogo zikafika hata kliniki za nyanda za juu.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo historia za vyuo hulipita upesi. Mchunguzi alifundishwa kwa Kiingereza, akaandika maswali yake kwa Kiingereza, na maswali hayo yakafasiriwa kwa Kiswahili. Ili kupima tafsiri, mtu wa pili huirudisha katika Kiingereza, na ikirudi sawasawa husemwa kwamba ni nzuri. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba wasomi wawili wanaelewana. Hakisemi lolote juu ya mama wa Makambako ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kibena, na ambaye ndiye atakayetia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa.

Yafaa kutazama maneno machache. Kugawa watu katika makundi bila kuwachagua huitwa kugawa kwa bahati nasibu, na bahati nasibu kwa watu wengi ni mchezo wa kushinda fedha. Basi aliyepangiwa dawa bandia aweza kudhani ameshindwa. Virusi visivyosikia dawa tena vina usugu, lakini msikilizaji aliyezoea kuitwa sugu mtoto asiyeonyeka aweza kuelewa kwamba ni yeye mgonjwa anayelaumiwa. Hata neno uchunguzi, lililokuwamo katika jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi 2009, lina hatari yake: hospitalini mtu akifanyiwa uchunguzi hutarajia kutibiwa. Neno utafiti limepunguza utata huo, ingawa halikuumaliza. Kwa upande mwingine, aliyeunda dawa za kufubaza virusi alifanya kazi njema sana, kwani kitu kilichofubaa kimepungua nguvu lakini hakijatoweka, na hiyo ndiyo kweli ya dawa hizo. Jina la dawa za kurefusha maisha hufariji zaidi na kueleza kidogo.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi zilizotegemea fedha hizo zikatikiswa. Hesabu ya mwaka 2022-23 ilikuwa imeiweka Njombe tena juu ya mikoa yote, watu 12.7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Fedha za wageni zaweza kurudi au zisirudi. Lakini kumtuma mwanafunzi wa udaktari kukaa wiki chache Makambako, akiuliza maswali yake kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kupanda ndege, hakuhitaji mfuko wa Stockholm wala wa Munich. Nauli ya basi kutoka Mbeya yatosha.