Mkwaruzo Kati ya Stesheni

Kabla redio haijabeba sauti ya mtu, ilibeba cheche. Mwaka wa 1887, mjini Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alirusha cheche za umeme kwenye pengo dogo, na mita chache kando, kitanzi cha waya ambacho hakikuunganishwa na chochote kikatoa cheche yake ndogo. Miaka minane baadaye Alexander Popov wa Urusi alionyesha chombo kilichonasa radi ya mbali. Yaani, mawimbi ya kwanza ya redio kunaswa yalikuwa kelele tupu. Muziki na taarifa ya habari vilipokuja, ndipo tukaanza kuichukia hiyo kelele.

Kwetu Ikonge, kaunti ya Nyamira, sokoro (ndivyo tunavyomwita babu) alikuwa na redio ya AM ya kusikilizia Idhaa ya Taifa. Nyaya za stima zilipopita karibu na boma, asubuhi za ukungu redio ilikuwa ikikwaruza: krrrr. Yeye alilaumu betri kila mara.

Sasa sikiza. Umeme wa nguvu hushikiliwa na kihami: kauri au kioo juu ya nguzo, karatasi na mafuta ndani ya transfoma. Kihami kikiwa na kishimo chenye hewa, au kikipasuka na kulowa, umeme huruka pale penye udhaifu. Cheche hiyo huisha kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kufikiria, lakini kila moja hula kihami kidogo, na kila moja hutoa wimbi la redio. Ugonjwa unajitangaza wenyewe hewani, miezi au hata miaka kabla ya mlipuko. (Si kila mkwaruzo ni kihami kibovu, lakini. Hata boliti iliyolegea kwenye nguzo hupiga kelele vilevile.)

Mwaka wa 1986, kwenye kituo cha nyuklia cha Torness, Uskoti, wahandisi walianza kunasa cheche hizi kwa masafa ya UHF, yaleyale ya televisheni, kwenye mitambo ya volti 420,000. Baadaye antena zikatolewa nje kabisa, bila waya wowote kugusa mtambo. Antena kadhaa hulinganisha ni ipi iliyosikia kwanza. Wimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hivyo tofauti ndogo ya muda inatosha kuonyesha cheche iko wapi.

Tumbili aliyeangukia transfoma ya Gitaru mnamo Juni 2016 na kuzima stima Kenya nzima hangegunduliwa hivyo. Tumbili hatoi onyo. Kihami hutoa. Na transfoma ya kijijini ikilipuka, kinyozi, kinu cha posho na fundi wa kuchomelea hufunga pamoja.

Kwa maoni yangu FM ndiyo ilituziba masikio. Edwin Armstrong aliibuni miaka ya 1930 akiwa na nia ya kufuta mikwaruzo, na leo Egesa FM inasikika safi hata chini ya laini mbovu. Simu yako huenda haina AM kabisa. Lakini ile redio kuukuu ya nyumbani bado inayo: iwashe, iweke kati ya stesheni mbili, utembee kando ya barabara jioni yenye ukungu. Nguzo ambapo mkwaruzo unazidi ndiyo ya kuripoti, nawe ukiwa umesimama mbali nayo.