Asili ya Neno "Proteomu"

Huenda mfasiri akauliza kwa nini tusiridhike na "jumla ya protini". Neno proteomu lilitolewa na Marc Wilkins mwaka 1994, mkutanoni Siena, Italia, kwa kuunganisha protini na jenomu. Na muungano huo ndio kazi yenyewe. Protini hukatwa vipande, vipande hupimwa uzito, kisha uzito huo hulinganishwa na ule unaotazamiwa kutokana na mfuatano wa jenomu. Rasimu ya jenomu ya binadamu ilipochapishwa mwaka 2001, ulinganishi huo ulipata msingi mpana zaidi. Lakini hospitalini "jumla ya protini" ni kiasi kipimwacho katika damu, na kosa hapo si dogo. Kwa hiyo twapendekeza proteomu: proteomu ya ini, proteomu ya jicho, ingawa jenomu yao ni moja.