Mjane wa Reims na taabu ya machicha

Mama yeyote wa Songea anayeishi kwa kupika pombe ya ulezi anaijua taabu ya machicha. Mwaka 1816, mjini Reims, Ufaransa, Barbe-Nicole Clicquot alihangaika nayo pia, ila machicha ya mvinyo wake wa shampeni yalikuwa ndani ya chupa zilizokwisha kuzibwa. Ukiumimina ili uuchuje, povu lake lapotea.

Akaagiza meza itobolewe matundu. Chupa zikachomekwa matunduni shingo chini, zikawa zinageuzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa mpaka machicha yatulie kwenye kizibo. Kizibo kikifunguliwa, machicha yanaruka nje na chupa inazibwa upesi. Watengenezaji wenzake waliuiga ufundi huo, na kwa vizazi vingi shampeni ikasafishwa hivyo.

Mumewe, François, alikuwa amefariki mwaka 1805 akimwachia binti mdogo. Barbe-Nicole alikuwa na miaka 27. Baba mkwe, Philippe, aliyeianzisha kampuni yao ya mvinyo mwaka 1772, alitaka kuifunga. Mkamwana akamwomba amwachie. Mzee akakubali na kutoa mtaji, kwa sharti kwamba kwanza ajifunze kwa mfanyabiashara mzoefu wa mvinyo. Kufikia 1810 Barbe-Nicole alikuwa akiiendesha mwenyewe kwa jina la Veuve Clicquot-Ponsardin, neno veuve, yaani mjane, likitangulia. Vita vya Napoleon vilimfungia masoko. Mwaka 1814 akapakia melini chupa 10,550 kuelekea Urusi, akawatangulia washindani wake.

Meza ile naistahi, lakini uamuzi wa mkwe wake naustahi zaidi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilimweka mke chini ya mume. Mjane aliweza kusaini mikataba mwenyewe, lakini mtaji ulibaki mikononi mwa baba mkwe.

Hapa kwetu Tanzania, kinyume na hayo, tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atunzwe na watoto. Kwa kanuni hiyo, mama aliyejenga mgahawa au mashine ya kusaga pamoja na mumewe anaweza kutoka mikono mitupu siku chache baada ya matanga. Wajane wawili wa Shinyanga walioondolewa nyumbani na ndugu wa waume zao waliipinga kanuni hiyo mahakamani, kisha wakafika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 kamati yake inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki, ikaitaka Tanzania iwafidie na kuzifuta au kuzirekebisha kanuni hizo.