Ukimya wa Sungura

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za jioni tunamjua Sungura kwa ulimi wake. Anamlaghai Fisi, anamzungusha Simba, anawavutisha kamba Tembo na Kiboko, kila mmoja akidhani anashindana naye. Kumbe sungura wa kweli, na hasa huyu wa bandani ambaye asili yake ni Hispania na Ureno, ni mnyama ambaye mtu aweza kumfuga miaka mitano na kuapa kwamba hana sauti.

Hata mabingwa walidhani hivyo. Mwaka 1872 Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia zao, na humo alisema mambo mawili juu ya sungura. La kwanza, kwamba hupiga kishindo ardhini kuwaarifu wenzake, na mtu ajuaye kukiiga vizuri aweza, jioni iliyotulia, kusikia sungura wakimjibu kutoka kila upande. Napenda kumwazia mzee yule mwenye ndevu akipiga mguu chini kisha akitega sikio! La pili, kwamba hatumii koo lake ila katika mateso makubwa kabisa, kama mtoto wa sungura anaponaswa na kicheche.

La kwanza ni kweli tupu. Kishindo kile cha miguu ya nyuma ni mbiu ya hatari. La pili ni nusu ya ukweli. Mayowe ya sungura anayeuawa husikika konde zima, lakini sauti zake nyingine zahitaji mtu awe karibu. Dume anayemzunguka jike hutoa mlio mfupi wa chini, kama honi iliyozibwa kwa kitambaa. Jike anayelinda makao yake huguna na kurusha miguu ya mbele. Na yule aliyeridhika, akipapaswa paji la uso, husagasaga meno polepole, jambo ambalo mkono hulihisi kabla ya sikio. Tena hapo ndipo penye mtego: meno hayo hayo yakisagwa kwa nguvu, naye mnyama kajikunyata na macho kayafumba nusu, basi ana maumivu. Nani angeyajua hayo wakati sungura alikaa nyuma ya nyumba akingojea chungu?

Ukimya ule ulimgharimu. Mwaka 1944 John Draize na wenzake, wataalamu wa serikali ya Marekani, walieleza kipimo cha kutia kemikali katika jicho la sungura ili kuona litadhurika kiasi gani. Sungura alifaa: mpole, rahisi kumshika, bei nafuu, nami naongeza, hapigi kelele. Lau angalilia kama mbwa, sidhani kama watu wa maabara wangalivumilia miaka yote ile. Mwaka 1980 Henry Spira, mwalimu wa shule huko New York, alitoa tangazo la ukurasa mzima gazetini kuwashutumu watengenezaji wa vipodozi, na ndipo wengi waliposikia habari ya macho hayo kwa mara ya kwanza.

Hapo California, Marinell Harriman alichapisha mwongozo wa kufuga sungura ndani ya nyumba mwaka 1985, na mwaka 1988 kikaanzishwa chama cha wafugaji wa namna hiyo. Sungura akalala sebuleni, chini ya kiti cha mwenyewe, na milio yake midogo ikapata wa kuisikiliza.

Wachunguzi nao wakafuata. Mwaka 2012 walichapisha kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa sungura: macho, mashavu, pua, sharubu na masikio. Walikipata kwa kuwatazama sungura waliokuwa wakitobolewa masikio ili kutiwa alama za wino. Wengine walipakwa kwanza dawa ya ganzi, wengine hawakupakwa, na nyuso zao zikatofautiana.