Nani Alikwenda Kusoma Wapi: Masisi na Walikale katika Historia ya Elimu ya Juu

Barabara ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, inateremka Sake mpaka Goma, na ukifika Goma umeshagusa mpaka wa Rwanda. Ya Walikale inapita msituni kuelekea Lubutu na Kisangani. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 magharibi, na hakuna barabara nzima inayofika huko. Mwenye haraka hupanda ndege, asiye na nauli ya ndege hubaki. Kwa hiyo katika milima hii neno “ng’ambo” halijawahi kufuata ramani. Kampala ni safari ya basi, wakati mji mkuu wa nchi ni ndoto ya mwenye fedha. Jambo hili lieleweke kwanza kabla ya kuandika historia ya vijana wa Masisi na Walikale waliotoka kwenda kutafuta elimu ya juu. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kwa hesabu: wangapi walikwenda, wangapi walirudi. Mimi naona swali zito zaidi ni jingine: walisoma somo gani, na nani aliyelichagua? Kwa karibu miaka mia, ardhi, mawe na lugha za maeneo haya vimekuwa masomo ya vyuo vikuu, lakini wenyeji wake ndio waliochelewa kuruhusiwa kuvisoma.

Kwa kweli, wasomi wa kwanza kuvuka mipaka kwa ajili ya Kivu walikuwa Wazungu waliokuja, si wenyeji waliotoka. Mwaka 1933 Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyokuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi. Mwaka 1947 ikaundwa IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, ambayo kituo chake kikubwa kilijengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Udongo ulipimwa, mimea ikapewa majina, koo zikaandikwa daftarini. Elimu hiyo haikukaa maktabani. Kati ya 1937 na 1955 utawala uliwahamisha maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda na kuwaweka Masisi, kwa hoja kwamba kule Rwanda watu wamejaa na huku kuna nafasi. Wahunde, wenyeji wa Masisi, na bami wao, yaani watawala wa jadi, waliijua ardhi hiyo kwa majina ya vilima na haki za ukoo, lakini ujuzi wao haukuwa na kitivo cha kuutetea. Katika miaka hiyohiyo, mlango mmoja wa elimu ya juu uliokuwa wazi kwa kijana wa Kivu ulikuwa wa seminari. Seminari kuu ya Nyakibanda, Rwanda, ilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Kivu, na masomo yake yalikuwa falsafa na teolojia. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954 tu. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima ilikuwa na mapadre wazalendo kwa mamia, lakini hesabu inayotajwa mara nyingi ya Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu ni 16.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikale inatupa mfano mmoja ambapo msemo huo ulikaribia kutimia. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, alimkuta msimulizi wa Kinyanga, Shekarisi Candi Rureke, na utendi wa shujaa Mwindo ukaandikwa kutoka kinywani mwake. Mgeni angeweza kuondoka nao peke yake, kama wengi walivyofanya. Lakini kitabu kilipotoka mwaka 1969 katika chapa ya Chuo Kikuu cha California, jalada lilikuwa na majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga aliyejifunza isimu. Mateene hakuwa mtoa habari wa kutajwa katika shukrani. Alikuwa mhariri na mfasiri. Baadaye aliandika sarufi ya Kinyanga, kisha akaongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, ambako alitetea lugha za Kiafrika zitumike kufundishia. Somo ambalo kwa wengi ni pambo, isimu, liliipa lugha ya watu wachache wa msituni nafasi katika maktaba za dunia na hoja katika mikutano ya bara. Kilicholeta tofauti ni kwamba mtu wa mahali pale aliingia ndani ya taaluma yenyewe, akawa na haki ya kuuliza maswali yake.

Katika taaluma nyingine bahati hiyo haikupatikana, na hasara yake inaonekana mpaka leo. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), ikavigawa vitivo kwa miji: sheria na utabibu Kinshasa, jiolojia na utabibu wa mifugo Lubumbashi, ualimu na saikolojia Kisangani. Kijana wa Walikale aliyetaka kuyajua mawe ya kwao alipaswa kuvuka nchi nzima mpaka kusini. Aliyefuata barabara ya Kisangani alitoka mwalimu. Walimu ni nguzo, wala hakuna wa kuwadharau. Lakini miaka miwili baadaye ikaja sheria ya ardhi ya 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa ya serikali na kuahidi kwamba haki za kimila zingewekewa utaratibu kwa agizo la rais. Agizo hilo halikutoka kamwe. Katika pengo hilo, waliojua njia za ofisi na lugha ya hati walijipatia malisho makubwa ya ng’ombe Masisi, na wakulima wakajikuta wageni katika mashamba ya babu zao. Walikale nako kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ilichimba kasiteriti, mawe ya bati, mpaka bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985. Ilipokufa, wachimbaji wa mikono walibaki na sururu bila ramani ya miamba. Leo Bisie, hukohuko Walikale, ni miongoni mwa machimbo tajiri zaidi ya bati duniani, na kampuni inayoyaendesha imetoka nje.

Tangu miaka ya 1980 elimu ya juu imesogea karibu. Chuo kikuu cha ULPGL kilianza Goma mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Goma kikajitegemea mwaka 2004. Wengine wakavuka kwenda Rwanda na Uganda. Anayefika Kampala na diploma ya Serikali huanza kwa kujifunza Kiingereza. Na kwa miaka mingi mfumo wa Kongo wa graduat ya miaka mitatu na licence ya miwili haukulingana na shahada za jirani, mpaka mageuzi ya LMD (licence, master, doctorat) yalipoanza katika mwaka wa masomo wa 2021-2022. Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ilikuta jumuiya iliyokwisha kutangaza, mwaka 2017, kwamba elimu ya juu ya nchi wanachama ni uwanja mmoja. Milango ni mingi kuliko wakati wowote. Lakini masomo yanayoenea haraka ni yale yanayohitaji ubao na chaki tu: uongozi, uchumi, maendeleo. Jiolojia inataka maabara, na utabibu wa mifugo unataka zizi na darubini. Umaskini wa vyuo unaendelea kumchagulia kijana somo, kama seminari na UNAZA zilivyomchagulia babu na baba yake.

Kuna watakaopinga kwamba kumwambia kijana asome mawe au sheria ya ardhi kwa kuwa ametoka Masisi ni kumfunga upya, na kwamba ana haki ya kusoma unajimu au muziki. Haki hiyo naikubali kabisa. Mateene mwenyewe hakuchagua taaluma ya kuleta mkate. Ninachodai ni kwamba taaluma zinazoamua hatima ya nyumbani ziwe miongoni mwa zile anazoweza kuzichagua, maana mlango uliofungwa hauwezi kuitwa uchaguzi. Wengine watasema aliyekwenda harudi. Ni kweli kwa wengi, na vita vimewapa sababu. Mwaka 2025 hata mji wa Walikale uliangukia mikononi mwa waasi. Hata hivyo kurudi kwa miguu si njia pekee ya kurudi. Mateene alifanya kazi Kampala, na bado Kinyanga kina sarufi. Wapo pia watakaouliza kuna faida gani kuzungumzia vitivo wakati watu wako kambini. Jibu lao limo katika historia hiyohiyo: ugomvi wa Masisi haukuanza kwa bunduki. Ulianza kwenye daftari la wakoloni walioiona milima kuwa na nafasi, na kwenye hati za ardhi ambazo wenye mashamba hawakuweza kuzisoma. Siku amani itakapojadiliwa kwa dhati, mezani patawekwa ramani, hati na mikataba ya madini, na huko Masisi na Walikale zitahitaji watoto wao waliokwenda mbali kujifunza kusoma karatasi za namna hiyo.